Gobore la Nyumbani Kwetu

Mama yangu hakusoma, ila mdomo alikuwa nao. Pale Issuna akishaamua jambo lake, hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa anabadili njia. Mwaka ule serikali ilipotangaza msamaha, kwamba mwenye silaha haramu aisalimishe kwa hiari na hatashtakiwa, mama hakusubiri gari la matangazo. Alijifunga kanga, akawakusanya wenzake wa kikundi cha alizeti, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiomba magobore.

Hakuwa anatafuta sifa. Rafiki yake wa tangu usichana alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Mume wa huyo rafiki aliona alizeti zinatikisika shambani, akadhani nguruwe pori, akafyatua. Mama ndiye aliyeosha maiti.

Wanaume walimpokea vizuri, wakampa kigoda, wakampa na maji ya kunywa. Gobore hawakumpa. Kila mmoja aliapa kwamba kwake hakuna. Mimi mwanawe niliapa hivyohivyo mbele yake, huku gobore la marehemu baba nimelifunga kwenye gunia juu ya kenchi za stoo. Nilijiambia ni kumbukumbu ya mzee. Kumbukumbu gani, na mafuta nilikuwa nalipaka na baruti ninayo.

Msamaha ulipobakiza siku tatu, ukaitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Hakuna hata gobore moja lililokuwa limeletwa. Mzee mmoja akasimama, akamuuliza mama, kwa upole kabisa, kama kwake nako hakuna kitu. Watu wakacheka. Nilijua atajibu hakuna, maana ndivyo nilivyomwambia.

"Kwangu lipo," mama akasema. "Nimeliona tangu wakati wa palizi. Sijalileta kwa sababu nataka aliyelificha alilete mwenyewe."

Yeye hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Loh, aibu niliyoipata siku ile. Niliondoka nimefura, nikiapa moyoni kwamba sirudi ng'o, mama gani anamwanika mwanawe hadharani. Hasira iliniishia stoo, nilipolishika lile gunia. Angeweza kulichukua siku yoyote, akalipeleka mwenyewe na kupigiwa makofi. Amekaa nalo miezi yote hiyo, watu wanamcheka, ananisubiri mimi. Nikalitoa kwenye gunia, nikalitia begani, nikapita nalo katikati ya soko kurudi mkutanoni.

Askari kata, aliyekuwa pale kupokea silaha, akafungua daftari, akauliza ni la nani. Nikajibu ni la marehemu baba.

"Baba yako amekufa siku nyingi," mama akasema taratibu. "Mwambie ni la nani."

"Ni langu," nikasema.

Mama akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae karibu naye. Nimewahi kusifiwa maishani, lakini hakuna sifa iliyonijaza kifua kama ile nafasi kwenye benchi. Tulikuwa bado tumekaa pale yule mzee aliporudi kutoka kwake, begani ana mawili.