Rejista Iliyofichwa Chini ya Herufi M

Kuna watu wananuka hata wakitoka kuoga. Lewa, meneja wa kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni, alikuwa mmoja wao, na Ngowa, karani wake, alikuwa amekaa naye miaka mingi hata pua yake ikazoea. Asubuhi ile ndipo harufu ilipomrudia.

"Mzee, ikate hiyo M," Lewa alisema, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Afisa wa kazi yuko njiani kutoka Malindi."

M ilikuwa herufi tu kwenye kompyuta ya Ngowa. Ukiibonyeza, zinafunguka faili zote za kiwanda: mahudhurio, likizo, na rejista ya ajali. Ungeapa kwamba zimo mle mle ndani ya mashine. Wapi! Zenyewe zimekaa Mombasa, kwenye seva ya makao makuu, na mashine ya Gongoni imeunganishwa nazo kwa mtandao. Ngowa, aliyeanza kazi kwa daftari na kalamu ya wino, alichukua mwezi mzima kuamini kwamba mtu anaweza kuketi Gongoni akaandika ndani ya kabati lililoko Mombasa. Sasa alikuwa anaijua M kama anavyoujua ua wa nyumba yake. Kuikata ni kubonyeza mara mbili. Hakifutiki kitu; faili zinabaki Mombasa salama salimini, ila mashine inakaa kama haijapata kuzijua.

"Akikuuliza, mwambie rejista haimo kwenye mashine hii," Lewa aliendelea. "Si kweli hiyo? Hujasema uongo. Hata ukishikishwa Biblia, utaishika na roho yako nyeupe."

Ptu! Mtu na akili zake, ambaye mamake alibeba chumvi kichwani pale Marereni mpaka nywele zikamkatika utosini, ndiye anayeutafutia uongo nguo za kuvaa! La kuvunda halina ubani. Kilichomchukiza Ngowa zaidi ni kidole chake mwenyewe, kwa kuwa kilikwisha kubonyeza mara mbili kabla moyo haujamaliza kukataa. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, hakutaka kibarua kiote nyasi. Alijiambia hivyo, na maneno hayo nayo yakamkaa mdomoni vibaya.

Aliyekuwa akifichwa hapo ni Kabibi, mfanyakazi wa mabwawani. Miezi mitano nyuma bomba la kusukuma maji ya chumvi lilipasuka likammwagia usoni yale maji makali ya bwawa la saba. Miwani ya kujikinga hakuwa nayo. Ilikuwepo, lakini ilifungiwa stoo isichakae. Ebo! Miwani isichakae, macho ya watu yachakae! Jicho la kushoto likafa. Daktari akasema la kulia liko njiani kulifuata asipofikishwa kwa mabingwa upesi, na kiwanda kikasema ubovu huo Kabibi alikuja nao kutoka kwao. Rejista ikionekana, kiwanda hakina budi kumpeleka hospitali ya macho. Isipoonekana, atapofuka kabisa, naye hata miaka thelathini na mitano hajafika.

Saa nne Bi Hafswa, afisa wa kazi, akaingia na buibui lake jeusi na faili kwapani. Kabibi alikuwa nyuma yake, kajifunga leso hadi kwenye nyusi kwa sababu ya mwanga. Aliketi kwenye benchi kwa kupapasa.

"Bwana Ngowa, niwie radhi, nipishe kidogo kitini," Bi Hafswa alisema. Akaikagua mashine mwenyewe, taratibu, folda kwa folda. Alikuta barua za zamani, picha za harusi ya Nelly bintiye Ngowa, na nyimbo za kwaya. "Rejista ya ajali iko wapi?"

Lewa alikuwa ameegemea ukuta, anatabasamu ndani ya kikombe.

"Haimo kwenye mashine hii," Ngowa alisema.

"Baba Nelly," Kabibi aliita kutoka benchini, bila ukali wowote. "Si ulinikalisha papa hapa siku ile? Macho yote mawili yalikuwa yamefumba, lakini nilikusikia ukigonga vile vidude. Ukaniambia, pole mama, nimeshakuandika."

Lo! Ngowa alihisi uchafu unampanda mwilini. Huyu mama alikuwa akimtetea, anamkumbusha kama mtu amkumbushavyo nduguye aliyesahau. Na yeye, mtu mzima na mvi zake, kakaa nyuma ya ukweli wa kuazima.

"Bi Hafswa, nirudishie kiti," alisema.

Lewa alikohoa. Ngowa hakumtazama. Aliandika jina la seva ya Mombasa, akachagua herufi, akaweka paswadi. M ikarudi mahali pake. Rejista ikafunguka, na ajali mia tatu na kumi na moja zikajaa kiooni. Bi Hafswa akamtafuta Kabibi, akasoma kwa sauti.

"Kabibi. Bwawa la saba. Maji ya chumvi machoni. Sababu: uzembe wa mfanyakazi."

Kisha Lewa akacheka, kicheko cha mtu aliyeokota pesa njiani. Hakuwa amewahi kuifungua rejista ile hata siku moja. Aliogopa wingi wa ajali tu. "Ahsante, mzee," alisema. "Kumbe ulituandikia vizuri."

Ngowa alikielekeza kidole kiooni. "Soma mstari wa juu yake, Bi Hafswa."

"Ameumwa na nyoka kwenye mfereji. Uzembe wa mfanyakazi."

"Panda juu zaidi."

"Amepigwa na radi, bwawa la tatu." Bi Hafswa alisita, akavua miwani yake. "Uzembe wa mfanyakazi."

"Hilo neno halina habari ya ajali yoyote," Ngowa alisema. "Kila mtu akiumia, mimi nanakili mstari wa mwenzake wa juu, nabadilisha jina, tarehe na jeraha. Sababu siigusi. Imebaki hiyo hiyo tangu mtu wa kwanza. Mimi ndiye mzembe. Niandike hivyo."

Bi Hafswa aliandika. Aliichapisha rejista yote, akamtaka Lewa atie saini kila ukurasa, na akaamuru gari la kiwanda limpeleke Kabibi Mombasa siku hiyo hiyo. Lewa alitoka nje akipiga simu, hana kicheko tena.

Gari lilipopiga honi, Ngowa alimwendea Kabibi benchini, akamnyooshea mkono amwongoze mpaka mlangoni. Moyo wake ulikuwa umepata nafuu kidogo. Alifikiri angalau la leo kalifanya.

Kabibi aliugusa ule mkono, akautambua, akauachia.

"Ulipata kuniuliza, Baba Nelly, kama nilizembea?"

"Sikukuuliza."

"Basi niache," alisema, akaanza kuupapasa ukuta. "Mlango nitaupata mwenyewe."