Karavani ya Kwenda Ruwais

Mimi ni makanika, na makanika hatumpendi dereva anayekuja gereji kutusimamia. Dereva alete gari, aseme linalia wapi, kisha aende zake akanywe chai. Nahashon hakuwa wa kwenda kunywa chai. Majira yale ya baridi, kila alipopata upenyo wa kutoka nyumbani kwa bosi wake, mtaa wa Malaz hapa Riyadh, alikuja gereji kwetu Al-Sulay na kusimama nyuma yangu, mpaka siku moja nikamwambia kivuli chake kinanizibia mwanga.

"Pole, Reuben," akasema. Akasogea kidogo, akaendelea kutazama.

Tulikuwa tunaiandaa karavani. Kwa asiyeijua, hilo ni gari kubwa kama basi dogo, ndani lina vitanda, jiko, choo na mahali pa kuogea, tajiri akasafiri na nyumba yake kama konokono. Nyuma yake ilikuwa ikokote jipu dogo, ili wakifika kambini waache nyumba imesimama na watembelee jipu. Bosi wake, Mwarabu mmoja mwenye maduka ya vigae, alitaka kuipeleka familia kaskazini, Tabuk, wakaone theluji. Mimi nimelelewa Limuru na baridi ile naijua. Hawa wanaifuata kwa mafuta yao wenyewe. Kila mtu na ugonjwa wake.

Karavani yenyewe ilikuwa imelala juani muda mrefu. Ukiitazama kwa mbali, tairi zilikuwa nzima na nene, lakini ubavuni mpira ulishapasuka mistari mistari kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Nikamwambia Nahashon tairi hizi hazifiki Tabuk. Dereva mwingine angesema tupige upepo twende. Yeye alirudi kwa bosi, akabembeleza, na zikaja mpya. Tukabadilisha beringi za magurudumu ya nyuma. Tukachomelea upya chuma cha kukokotea jipu, kwa sababu Nahashon alikigonga kwa nyundo na hakuupenda mlio wake. Taa za jipu tuliziunga na za karavani ili breki ikikanyagwa mbele, nyekundu iwake nyuma. Alinifanya nijaribu taa zile mpaka betri ikachoka na mimi nikamtukana kwa Kikikuyu.

Nilidhani anamwogopa bosi, kumbe ilikuwa mapenzi.

Nahashon alikuwa mtu wa Vihiga, mrefu, mpole kupita kiasi, wa kanisa. Alitangulia kuja Riyadh. Mkewe, Peris, akafuata baadaye kufanya kazi za ndani. Wakala wa Nairobi aliwaambia amepata nafasi Saudia, nao wakafurahi, maana Saudia ni Saudia, wataonana wikendi. Peris alipotua wakampeleka Jeddah, mtaa wa Ruwais, kando ya bahari. Kutoka hapa hadi Jeddah ni kama kuvuka Kenya kutoka Busia hadi Lamu. Mume na mke wakaishi nchi moja, wasionane hata kwa bahati mbaya.

Binti yao, Valentine, walimwacha kwa nyanya yake. Alikuwa darasa la tatu malaria ilipompanda kichwani. Alikufa katikati ya wiki. Peris hupewa simu Ijumaa peke yake, baada ya chakula cha mchana; madam wake huifungia kabatini siku nyingine zote. Kwa hiyo habari ilimfikia Ijumaa, na mazishi yalikuwa Jumamosi. Nahashon aliyatazama kwenye simu, ameketi ndani ya gari la bosi nje ya shule, akingoja watoto wa mwenzake watoke. Peris siku hiyo alikuwa anapiga pasi.

Kwetu mtoto akifa, baba na mama hukaa chini pamoja, watu wakaja, wakalia nao, wakawalisha kwa nguvu. Hawa wawili kila mmoja alikaa na msiba wake kwenye nyumba ya mtu. Nahashon hakutoa chozi. Nilimuuliza siku moja kwa nini, na mdomo wangu huu hauna adabu.

"Mimi na Peris hatujalia pamoja, Reuben," akaniambia. "Nikianza peke yangu, nitakuwa nimemwacha."

Sasa ile safari. Bosi alipanga njia fupi, ya Qassim na Hail, moja kwa moja hadi Tabuk. Njia hiyo haigusi Jeddah. Nahashon aliifikiria siku kadhaa, kisha akafanya jambo la busara ambalo mpaka leo likinijia nauma meno. Hakumwendea bosi. Alimwendea mama yake bosi, bibi kizee mwenye goti bovu, ambaye akikohoa nyumba nzima inasimama.

"Mama," alimwambia, "ile njia ya Hail ni baridi tupu, goti litakusumbua. Tukishukia Jeddah tukaifuata bahari hadi juu, ni joto njia nzima. Na ukiwa njiani utapita Makka, ufanye umra."

Bibi alilia kwa furaha. Tangu goti limharibikie hakuwa ameenda umra, kwa kuwa hawezi kuketi kwenye gari dogo safari ndefu, na sasa kuna gari lenye kitanda. Jioni hiyohiyo njia ikabadilishwa. Nahashon alikuja gereji akicheka peke yake kama mwehu, akaniambia yote, na mimi nikampiga begani nikamwita mjanja. Jamani! Wakristo wawili tumekalia tairi kuukuu, tunapongezana kwa kupanga njia ya Makka. Barabara ile ya kutoka Taif kwenda Makka tumeipita sote. Bango tumeliona sote, kubwa, linalowaambia wasio Waislamu washike njia ya pembeni. Furaha ikimshika mtu, hata bango la barabarani halioni.

Kuanzia hapo hakuna nati aliyoiamini mpaka aiguse mwenyewe. Alifua mapazia. Alishusha ngazi ya mlangoni kwa ajili ya goti la bibi. Aliosha tangi la maji mara nyingi hata maji yakawa matamu kuliko ya bomba. "Hapa ndipo Peris atakaa," alinionyesha kile kiti cha kona karibu na jiko. "Nitamtengenezea chai ya tangawizi. Nitamfungia mlango, tulie." Walikuwa wamepatana waonane Ijumaa asubuhi: familia itakuwa imelala hotelini Jeddah kwa uchovu wa umra, yeye ataileta karavani kando ya bahari pale Ruwais, panapoegeshwa magari makubwa. Peris alishaomba ruhusa ya asubuhi hiyo moja kwa madam wake, na madam, kwa mara ya kwanza, alikubali.

Jumapili kabla ya safari nilikwenda Malaz kumalizia waya za taa. Nilikuwa chini ya jipu, miguu nje, nilipomsikia bibi akija na mkongojo wake. Nyumba ile walimwita Nahashon Nasir, kwa kuwa jina lake liliwashinda, na jina likikaa mdomoni muda mrefu watu husahau lilikotoka.

"Nasir, mwanangu," bibi akasema, "njoo uone nilichokununulia."

Nilitoa kichwa. Bibi alikuwa ameshika mfuko, na ndani yake shuka mbili nyeupe mpya. Ihramu, vazi la umra.

Nilimwangalia Nahashon. Kwa macho nilimwambia: chukua. Sema asante, chukua, mengine tutayaona mbele. Naye alinielewa, kwa sababu alinitazama, kisha akageuza uso.

"Mungu akubariki, Mama," akasema. "Mimi ni Mkristo."

Bibi alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hacheki mwenzake, tabasamu likamkauka. "Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, Mama."

Bibi alisimama na mfuko wake. Hakukasirika, ningependa angekasirika. Alimshika Nahashon mkono kama mtu anayetoa pole, kisha akarudi ndani polepole, na muda si mrefu tukamsikia akizungumza na mwanawe.

Nilitoka chini ya gari nikiwaka moto. "Wewe ni mtu wa aina gani? Si ungenyamaza tu?"

"Amenunua kwa mkono wake, Reuben. Anaenda kuomba Mungu. Ningeivaa nimdanganye yeye na Mungu wake njia nzima?"

"Na Peris?"

Akaingia chini ya jipu, akaanza kukaza nati niliyokwisha kuikaza.

Alijaribu, msidhani hakujaribu. Alimwambia bosi: mimi nitaachana nanyi Taif, nishuke na jipu kwa ile njia ya pembeni, tukutane Jeddah. Bosi si mtu mbaya, lazima niseme, ingawa nasema kwa shingo upande. Alifikiria kweli. Lakini karavani haisogei karibu na Haram, msikiti mkuu wa Makka, na bila jipu bibi angefikaje? Magari yote mawili yalitakiwa Makka, na dereva mmoja wa kuyafikisha huko. Halafu watoto wa shule walikuwa wanabaki Riyadh na shangazi yao kwa kutegemea teksi; Nahashon akibaki, angewapeleka yeye. "Halas, ya Nasir," bosi akasema. "Tukirudi, inshallah, utapata siku zako uende Jeddah." Inshallah ya Mungu naiheshimu. Ile ya waajiri nimeila miaka mingi na haijawahi kunishibisha.

Dereva akatafutwa, na aliyepatikana ni Ibra, kijana Mwislamu wa Tanga anayefanya kazi duka la tairi jirani na gereji yetu, rafiki yetu wote wawili. Alikuja kwa Nahashon uso umemshuka.

"Kaka, nikatae?"

"Ukikataa watamchukua mtu nisiyemjua," Nahashon akamwambia. "Nenda. Peris atakuwa pale Ijumaa asubuhi, na simu hana mpaka mchana. Sina njia ya kumzuia asije. Mwambie polepole."

Kisha akamfundisha gari. Nilimtazama akimfundisha na nikatamani kumpiga mtu yeyote aliye karibu. Alimwonyesha gia inayokwama ukiwa mlimani, namna ya kukata kona kwa upana ili jipu lisipande ukingo, mahali pa kuachia usukani wa jipu uwe huru kabla ya kulikokota. Alimwonyesha chai ilipo. Jumatano wakaondoka. Bibi alichungulia dirishani, kwenye pazia alilolifua Nahashon, akasema, "Nitakuombea, Nasir." Nahashon akashukuru, akafunga geti, akaenda kuwachukua watoto shuleni.

Ijumaa alikuwa chumbani kwangu. Nilisonga ugali, nikakaanga sukuma, na hakuna aliyekula. Simu yangu ililia kabla ya saa za Peris. Alikuwa Ibra, nikaweka sauti ya nje.

"Assalaam alaikum, kaka. Nimemwona shemeji."

"Alikuja?" Nahashon akauliza.

"Alishakuwa pale kabla yangu. Amesimama kwenye jua, hataki kuketi. Alipoiona karavani inakunja kona, akaanza kukimbia. Kaka, alikimbia na huku analia, mikono ameinyoosha, mpaka mlangoni kwangu. Nikashindwa kufungua. Nikafungua. Nikashuka."

"Ukamwambia?"

"Sikuwahi. Aliniangalia, halafu akaangalia nyuma yangu, kama vile kuna mwingine atashuka. Akauliza, 'Yuko nyuma?' Kabla sijatia neno akaenda kwenye jipu. Akafungua mlango wa jipu, akatazama ndani. Akafungua na wa pili. Ndipo nikamwambia, shemeji, mimi ni Ibra, mumeo hajaja. Nikamweleza yote, na habari ya ihramu."

Nahashon alikuwa amekishika kichwa chake. "Akasema nini?"

"Akasema, 'Huyo ndiye yeye.' Akaketi pale kwenye ngazi. Nilimkaribisha ndani, chai ipo, hakutaka. Hakulia tena, kaka. Alikauka. Muda wake ulipokwisha akainuka. Ila aliuliza kitu kimoja. Aliuliza, 'Amekonda?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia hapana. Nilimwambia yuko vilevile."

Nahashon amekonda mpaka mkanda wake nimeutoboa mimi kwa msumari wa gereji, mara mbili. Ibra anajua, alikuwepo.

"Ahsante," Nahashon akasema. Kisha akaisogelea simu. "Na yeye, Ibra? Yeye amekonda?"

Tulisikia upepo wa bahari kwenye simu, na gari likipita.

"Kaka," Ibra akasema, "mimi sikumtazama sana. Ni mke wa mtu."

Nahashon alielewa, na mimi nilielewa: angekuwa hajakonda, Ibra angesema. Akaanza kulia, kilio kile alichokizuia tangu siku ya mazishi, kwa sauti, mpaka majirani wa Kipakistani wakagonga ukuta na mimi nikawatukana. Nilimshika. Sikujua la kufanya zaidi ya kumshika. Alikuwa akilia kwenye shati langu lenye mafuta ya gari, mikononi mwa makanika wa Limuru, na aliyemngoja alie naye alikuwa anarudi jikoni kwa watu, peke yake.