Mstari Mwekundu wa Basi la Dundori

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Dundori, utoto ulipimwa mlangoni mwa basi. Mnaukumbuka ule mstari mwekundu? Kichwa kikiwa chini yake, nusu nauli. Kikiupita hata kwa nywele tu, nauli nzima. Asubuhi ukungu haujapanda, tumbo lina uji na kiazi cha kuchoma, na sisi tunakunja magoti kama kuku anayetafuta pa kutaga, konda akituamrisha tusimame wima.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mrefu, Mungu anisamehe. Ndugu yangu Njoroge alikuwa na kumi na mitatu, mfupi kama kisiki. Yeye alilipa nusu, mimi nzima. Shule yetu ya karibu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo ilikuwa lazima twende Nakuru mjini, na mama alitulipia kwa maua ya pareto aliyochuma kwenye baridi mpaka vidole vikapasuka.

Siku moja tajiri wa basi akaitwa kwenye baraza la chifu, kwa sababu watu walikuwa wamechoka. Walibishana mchana kutwa. Wengine walitaka nauli ifuate umbali, maana aliyeshukia njia panda alilipa sawa na aliyefika mjini. Wazee walisema mwenye gunia la viazi alipe zaidi. Akina mama walitaka mtoto ahesabiwe kwa umri. Hapo mama, ambaye hakuwahi kusema barazani, akatushika mikono akatusimamisha mbele.

"Huyu mfupi ana miaka kumi na mitatu. Huyu mrefu ana kumi. Mtoto hapa ni nani?"

Watu wakapiga makofi. Nilijivunia mama yangu hadi nikasahau kukunja magoti.

Tajiri alitutazama, akatabasamu. "Asante, mama. Kumbe huyu wa kumi na mitatu amekuwa akiniibia. Kuanzia Jumatatu, wote wawili walipe nzima."

Na baraza likacheka. Walewale waliopiga makofi! Chifu naye akacheka, akafunga mkutano. Hasira ile ninayo mpaka leo, na siombi radhi.

Nauli nzima mbili mama hakuwa nazo. Njoroge aliendelea na shule. Mimi binti nilipewa kikapu cha pareto, na majirani wakasema kwa urefu ule nitayafikia maua bila shida. Mama hakukanyaga baraza tena maisha yake yote.

Siku hizi mvua ikidondoka Nakuru, nauli inapanda maradufu. Vijana wanabonyeza simu, wanalipa, wanarudi kwa vichekesho vyao. Ukiuliza kwa nini, wanakwambia, "Mathe, zoea." Nizoee nini? Sisi angalau tulimwita mwizi wetu barazani, tukamwona meno. Nyinyi wenu hata sura hammjui.

Juzi nilipanda gari na mjukuu wangu, mrefu kama mimi. Konda akasema huyo ni mtu mzima. Kijana wa watu, ana miaka tisa, akaanza kukunja magoti. Hakuna aliyemfundisha. Nilimshika bega nikamwambia asimame wima, kisha nikamgeukia konda, nikaanza pale mama alipoachia.