Kinyozi Aliyeshindwa Kumnyoa Bintiye

Kinyozi ninayemzungumzia hapa ameninyoa kichwa changu kwa miaka tisa. Ana chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya baiskeli na mashine ya kusaga nafaka. Ndani mna viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimegoma kuzunguka, na benchi la kusubiria ambalo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali. Watu humwita Taratibu. Jina hilo alipewa na akina mama, kwa sababu mtoto anayelia akiona mashine ya kunyolea, yeye humwambia "taratibu, taratibu" mpaka mtoto anatulia na kichwa kinakwisha. Wapo wanaovuka mitaa mitatu, wakipita vinyozi wengine njiani, ili mtoto wao anyolewe na Taratibu.

Sasa, huyo huyo Taratibu alikuwa na binti mmoja, na binti huyo hakuweza kumnyoa.

Mtoto alipozaliwa alipewa jina la shangazi yake Taratibu. Na kwa kuwa jina la mkubwa halitajwi ovyo nyumbani, wote wakamwita Shangazi. Ndiyo maana mkewe, ambaye ni dobi katika hospitali, humwita mumewe Baba Shangazi. Wateja walilicheka jambo hilo mpaka kicheko kikaisha.

Shangazi alifika miaka mitatu bila kusema neno. Alipofika minne alikuwa akipanga vifuniko vya chupa kwenye mstari kutoka mlangoni hadi jikoni, na mtu akikisogeza kimoja tu, kilio chake kilisikika barabarani. Alipofika mitano daktari aliandika neno usonji kwenye kadi yake. Aliwaeleza kwa dakika kumi, akawaambia wahudhurie semina za wazazi, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Shida kubwa ilikuwa nywele. Mlio wa mashine ulimchoma Shangazi kama sindano, mkasi nao hakuutaka karibu na sikio, na kitana alikitupa nje ya dirisha. Nywele zikasokotana zikawa kama sifongo, chawa wakaingia, na shule iliyokubali kumpokea kwa shingo upande ikatuma ujumbe kwamba aje amenyolewa au asije kabisa. Mama mkwe wa Taratibu, aliyeishi nao kwa ajili ya kumwangalia mtoto, alikuwa na dawa yake. Alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu amelelewa kama yai. Alisema hivyo asubuhi, akarudia mchana, na jioni aliwaambia majirani.

Wateja nao hawakukosa la kusema. Mmoja alimwona Shangazi akipita na kichwa kile, akasema kwa sauti, "Kinyozi hajinyoi, tunajua. Kumbe na mwanawe hamnyoi?" Taratibu alimaliza kumnyoa, akampangusa shingo, akaingia nyuma ya pazia akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuosha kitana.

Basi aliposikia kuna semina katika ukumbi wa zahanati, alifunga duka siku ya Ijumaa, siku yenye wateja wengi kuliko zote, akaenda. Mkewe hakupewa ruhusa kazini. Mlangoni mlinzi alimwambia madereva wanasubiri upande wa pili, maana hakuwahi kuona baba akija mwenyewe. Ndani walikuwa wanawake thelathini na yeye.

Projekta ilikataa kuwaka kwa muda wa saa nzima. Ilipowaka, ukutani yakatokea maneno makubwa: Usonji ni nini? Mwezeshaji, dada kijana mwenye sauti nzuri, alieleza vizuri. Taratibu aliandika kila kitu. Ilipofika zamu ya maswali alisimama akauliza jinsi ya kumnyoa mtoto asiyevumilia mlio wa mashine. Mwezeshaji alisema hilo ni swali zuri sana, akaliandika kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni, yenye kichwa cha habari Maegesho, yaani maswali yanayoegeshwa hadi baadaye. Chakula kikaja, hotuba ya kufunga ikaja, picha ya pamoja ikapigwa. Karatasi ile ilibanduliwa na mtu wa usafi, ikakunjwa pamoja na sahani za karatasi. Taratibu aliona kwa macho yake.

Semina ya pili iliandaliwa na watu wengine, na mwezeshaji akawa mwingine. Taratibu alitegemea kwamba wangeanzia pale wenzao walipoishia. Wakaanza upya: Usonji ni nini? Kisha wakagawanywa katika makundi, wakapewa kalamu za rangi na karatasi kubwa, wachore mti wa matumaini yao. Kundi lake likamchagua kuwa msemaji kwa kuwa ni mwanaume, naye akasimama mbele ya ukumbi akieleza matawi na mizizi ya mti ambao hakuuchora. Kila mwezeshaji alipofungua mdomo alisema "ninyi akina mama", akakumbuka, akaongeza "na baba yetu pale", na ukumbi ukacheka kidogo.

Katika kundi hilo alikuwamo mwanamke mmoja fundi cherehani, mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi. Huyu hakuchora kitu. Alikaa akichomoa uzi uliofumuka kwenye mkoba wake, na Taratibu alipomwangalia alisema, "Mti ninao nyumbani, unaniangushia majani tu." Hawakuongea zaidi ya hapo.

Alirudi nyumbani siku hiyo na cheti. Mkewe alikisoma pande zote mbili, akamuuliza amejifunza nini. Taratibu alisema amejifunza usonji ni nini. Mkewe alikiweka juu ya kabati.

Semina ya tatu ndiyo iliyomfikisha shingoni. Barua ya mwaliko ilisema wazi kwamba watoto hawaruhusiwi ukumbini. Asubuhi ya siku yenyewe mama mkwe aliamka goti limevimba, mke yuko zamu, na jirani aliyeombwa akasema anampenda sana Shangazi ila leo ana wageni. Taratibu alifikiria kubaki. Kisha akajiuliza ni wazazi wa namna gani hao walioalikwa, wenye watoto kama wake, ambao wanaweza kuwaacha kwa mtu hivi hivi. Akamvalisha binti, akamshika mkono, wakaenda.

Kwa nusu saa ya kwanza Shangazi alikaa sakafuni karibu na mguu wa baba yake akihesabu vigae kwa kidole. Kisha fundi mitambo akawasha kipaza sauti, na spika ikatoa ule mluzi wake unaopasua masikio. Shangazi alijitupa chini ya meza, akaziba masikio, akalia kwa sauti moja ndefu isiyokatika. Chupa za maji zilianguka. Taratibu alipoinua kichwa kutoka chini ya meza aliwaona watu wakimtazama kwa yale macho anayoyajua, ya sokoni na ya kituo cha basi. Macho hayo sasa yalikuwa ya watu wenye beji zilizoandikwa "Tunawaelewa".

Mwezeshaji wa siku hiyo alikuwa mzee kidogo, mpole, mwenye miwani. Alisogea akasema kwa upole, kwenye kipaza sauti kile kile, "Baba, tunakuomba umtoe mtoto nje kidogo, ili tuendelee kujifunza."

Taratibu ni mtu wa maneno machache. Lakini alisimama, binti akiwa amemng'ang'ania shingoni, akasema, "Mwalimu, mmeniita nijifunze kuishi na mtoto kama huyu. Mtoto mwenyewe huyu hapa. Nikimtoa nje, humu ndani mnabaki kujifunza kuhusu nani?"

Aliniambia baadaye kwamba alitegemea kitu kitokee. Mtu aseme, au mtu azime spika. Wanawake wawili nyuma walipiga makofi kidogo, wakaacha. Mwezeshaji alisema mchango huo ni mzuri na umepokelewa. Ndipo Taratibu akatoka.

Alikaa kwenye ngazi za nyuma karibu na tangi la maji. Shangazi aliweka shavu kwenye tangi lile la baridi na kilio kikapungua polepole. Mlango ulifunguka, akatoka yule fundi cherehani, akakaa ngazi moja chini yao bila kuwatazama sana. Baada ya muda akamuuliza kama ndiye yule wa swali la nywele, maana naye alikuwapo ile semina ya kwanza. Taratibu akakubali.

"Mwanangu alikataa shati mwaka mzima," fundi akasema. "Nilikata lebo, nikalifua mara kumi, nikaligeuza mishono ikawa nje. Halafu nikaliacha juu ya kiti chake. Sikumwambia vaa. Lilikaa pale wiki sita."

"Akalivaa?"

"Alilivaa siku moja tukiwa na msiba, na mimi sina hata nguvu ya kufurahi. Hiyo mashine yako, kaka, umewahi kuiacha tu, imezimwa, aiangalie mwenyewe?"

Hakuwahi. Siku zote aliitoa kwenye droo siku ya kunyoa, ikiwa tayari inanguruma.

Walikuwa bado wanaongea pale msichana wa mapokezi alipotoka na daftari. Taratibu alidhani anakuja kuwarudisha ndani. Alikuja kusema kwamba baba hakusaini mahudhurio. Taratibu aliichukua kalamu, na kwenye nafasi ya jina la mshiriki akaandika jina la binti yake, lile jina kamili ambalo nyumbani halitajwi. Msichana alilisoma, akashukuru, akaondoka.

Jioni hiyo aliweka mashine ya zamani, iliyotolewa waya, juu ya meza ya chakula. Shangazi aliitupa. Baba akaiokota, akairudisha. Ikatupwa siku nane. Siku ya tisa iliachwa. Wiki ya tatu ilikuwa imepangwa kwenye mstari pamoja na vifuniko vya chupa, na Taratibu alimwita mkewe aje aone, wakasimama mlangoni kama watu wanaochungulia harusi.

Kisha mama mkwe akaharibu. Nasema akaharibu, ingawa mwenyewe aliamini anasaidia. Shule ilituma ujumbe wa mwisho, na bibi, mchana mmoja mtoto amelala, alichukua mkasi akaanza kukata. Shangazi aliamka katikati. Mkasi ulimkwaruza sikio. Kuanzia siku hiyo hakukubali mtu yeyote asimame nyuma yake, hata mama yake, na akaanza kulala na mto juu ya kichwa. Shule ikampa mwingine nafasi yake.

Nyumba ile ilikuwa na wiki mbaya. Taratibu alimwambia mama mkwe maneno ambayo mkwe hamwambii mkwewe, mke akamtetea mama yake, kisha akalia kwa sababu hakuamini alichokuwa akikitetea. Bibi alifunga mizigo yake mara mbili na mara mbili akaifungua, maana goti lile lingempeleka wapi. Dukani Taratibu aliponinyoa alinikata nyuma ya sikio, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Alianza tena. Safari hii alimchukua Shangazi dukani siku ya Jumatatu, siku isiyo na wateja, akaketi yeye kwenye kiti cha mteja na kumpa binti mashine. Swichi ilikuwa mkononi mwa mtoto. Akawasha, akazima. Akawasha, akazima, pengine mara mia mbili. Mlio ulipokuwa wake mwenyewe kuuanzisha na kuukatisha, hakuuogopa sana. Jumatatu ya nne aliipitisha mashine katikati ya kichwa cha baba yake, kutoka kwenye paji la uso hadi utosini, njia moja iliyonyooka kama barabara mpya. Taratibu aliiacha hivyo wiki nzima, ili binti aione. Tulicheka sana. Naye alicheka, ila si sana.

Ilichukua miezi mitano mingine Shangazi aruhusu upande mmoja wa kichwa chake. Upande mmoja tu. Wa pili alisema "bado", na hilo lilikuwa neno la tatu ambalo amewahi kulisema maishani. Alitembea na nusu kichwa kwa siku kumi na moja, na mama mkwe alimsindikiza barabarani akiwa ameinua kidevu, akimkazia macho kila anayegeuka kutazama.

Nilimuuliza Taratibu kama sasa ana furaha. Alisema furaha anayo, lakini hasira imeizidi. Miaka miwili, alisema, kwa jambo ambalo mtu angemweleza kwa dakika tano siku ya kwanza, kama aliyeshika kipaza sauti angemuuliza aliyekaa kwenye kiti. Shule nyingine bado hawajapata. Vyeti vimefika vitatu.

Jumatatu duka limefungwa kwa wateja wa kawaida. Fundi cherehani huja na mwanawe, na siku hizi huja wengine wawili au watatu, wameambiana wenyewe. Shughuli hiyo haina jina wala mwenyekiti. Siku nyingine mtoto mmoja akilia wote hulia, na watu hurudi nyumbani bila hata unywele mmoja kuanguka.

Jumatatu iliyopita nilipita hapo nikakuta mama mgeni amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, kofia ya sufu imefunika kichwa cha mtoto hadi kwenye nyusi. Alimuuliza Taratibu itachukua muda gani. Taratibu alisema hajui. Akamsogezea benchi, akazima redio, akamwomba mwenye mashine ya kusaga asubiri kidogo kabla ya kuiwasha.