Kiangazi Bibi Generoza Alipojifunza Kuogelea

Harufu ya kitenge kilicholowa maji ya ziwa haifanani na harufu ya nguo nyingine yoyote mbichi. Ndani yake mna mchanga, mna majani yaliyooza kidogo, mna sabuni ya mche ambayo maji yameshindwa kuiondoa, na juu ya yote mna ndagala, kwa sababu pale ufukweni Kibenga wale samaki wadogo walianikwa karibu kabisa na mahali tulipovulia nguo. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi mchana harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Kamenge ndani ya mfuko wa plastiki alioubeba bibi yangu Generoza, na shangazi yangu, Tanti Spesi, aliufungua, akanusa, akatikisa kichwa, akaenda kuanika. Mimi nilikuwa nimeandamana na Bibi ziwani na kuona kila kitu kwa macho yangu, na bado sikuwa nimeelewa zaidi ya Tanti Spesi aliyebaki nyumbani.

Bibi alikuwa mtu wa milimani, wa kizazi kilichoambiwa tangu utoto kwamba nchi tambarare ya ziwa ni nchi ya homa. Alikuwa mtu wa kanisa mpaka kwenye mifupa: alifunga Ijumaa zote, alijua sikukuu za watakatifu kama wengine wanavyojua siku za soko. Lakini miguu yake haikutulia. Alipokuwa msichana alitembea peku nyuma ya masista siku nzima kwenda kuhiji. Alipokuwa mjane alikwenda Rwanda juu ya lori la bia, amekaa kwenye kreti, akisali rozari kwa sauti kubwa ili dereva aone aibu kukimbiza gari. Baiskeli alijifunza akiwa tayari na wajukuu, kwa sababu misa ya alfajiri ilikuwa mbali. Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho ni maji. Basi letu lilipopita juu ya daraja la mto Ntahangwa, alifumba macho na kunishika kifundo cha mkono mpaka kikauma. Akiulizwa kuhusu ziwa alisema, "Ni la Mungu, lakini mimi hakuniita huko."

Mwaka ule kitinda mimba wake, baba yangu mdogo tuliyemwita Tonton Salvatori, alikuwa amepotea. Alikwenda Kongo kutafuta biashara ya dhahabu na kuahidi kurudi kabla ya Noeli. Noeli ikapita, Pasaka ikapita. Habari zake zilitufikia vipandevipande: ameonekana Bukavu, ameonekana Kalemie, ameoa, amekufa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi alisikiliza kila habari kwa uso uleule, kisha akaenda kanisani. Asubuhi moja alirudi kutoka misa, akaweka mwavuli wake pembeni na kumwambia Tanti Spesi kwamba amemwekea Bikira Maria nadhiri: ili Salvatori arudi, yeye atajifunza kuogelea.

Tanti Spesi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama, si ufunge tu?"

"Kufunga nimezoea. Rozari naipenda. Mutu akitoa kitu chepesi, ametoa nini? Mi naogopa maji. Basi nitamupa maji."

Mwalimu aliyempata alikuwa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyeuza ndagala pale Kibenga, mwanamke mwenye mabega mapana na nyimbo za wokovu mdomoni kutwa nzima. Alikuwa mlokole, wa wale wanaobatiza watu wazima kwa kuwazamisha. Siku ya kwanza alimtazama Bibi kuanzia kitambaa cha kichwani hadi visigino, akasema, "We muzee, utakufia mu mikono yangu."

"Unifundishe kuogelea tu. Usinibatize. Mi nilishabatizwa."

"Maji kidogo kwenye paji la uso, nayo mnaita ubatizo?"

"Furaha, shika mugongo wangu, uache mudomo."

Waliingia hivyo, mmoja akicheka na mwingine akitetemeka. Mimi nilibaki ukingoni na rozari ya Bibi mkononi, nimeagizwa niangalie viboko. Bibi alilazwa chali juu ya mikono ya Mama Furaha, kitenge kimefungwa mabegani, na kila wimbi dogo lilipomgusa sikio alianza Salamu Maria upya, bila kufika mwisho. Sikujua nisali naye au nicheke. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini sikuwahi kumwona mtu anayeyaoga kama anayepelekwa kuchinjwa.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wamama wawili wa kikundi cha rozari walipita pale Jumamosi moja, wakamwona Bibi Generoza amezamishwa ziwani na mikono ya mlokole, na mlokole anaimba. Walihitaji kuona nini zaidi? Kesho yake Kamenge nzima ilijua kwamba bibi yangu amebatizwa upya na kuiacha dini ya wazazi wake. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi kubwa pande zote mbili. Niliona wanawake waliokula kwetu wakitazama viatu vyao, na nikaanza kuwa na shaka mimi mwenyewe: pengine nilikuwa nimeshuhudia ubatizo bila kujua. Ubatizo unaonekanaje? Maji yalikuwepo, nyimbo zilikuwepo, jina la Mungu lilitajwa sana.

Padri alikuja nyumbani. Alikuwa kijana, na alishika chupa yake ya Fanta kwa mikono miwili kama kikombe cha misa. Bibi alimweleza nadhiri yake tangu mwanzo. Padri alisema kwa upole kwamba Kanisa lina uwezo wa kubadilisha nadhiri ya mtu mwenye umri mkubwa, ikawa kitu cha kumfaa zaidi, sala fulani, au msaada kwa maskini.

"Ahadi ni deni, padri," Bibi alimjibu. "Mi nikimupunguzia, na Yeye akinirudishia mutoto nusu?"

Padri alimaliza Fanta. Jumapili iliyofuata aliwaeleza waamini kwamba kuogelea si dhambi, na hilo liliwachanganya zaidi.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kwisha, vumbi la Kamenge limefika kwenye meno, na ziwa lilikuwa tulivu. Mama Furaha aliondoa mikono yake polepole, na Bibi hakuzama. Akapiga maji kwa miguu, akaenda, akageuka, akarudi, na akacheka. Kicheko hicho sikuwahi kukisikia kwake, kilikuwa cha msichana. Nikapiga makofi. Lakini alipotoka na kukaa mchangani, uso wake ulianza kufungwa kama duka wakati wa mvua.

"Imekuwa tamu," alisema.

"Nini, Bibi?"

"Maji. Mutoto wangu amepotea, na mimi nakuja hapa kucheza."

Hakurudi ziwani Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Kwa hesabu yake, nadhiri iliyogeuka raha haikuwa nadhiri tena, na pengine kila alipocheka alikuwa anamsukuma Salvatori mbali zaidi. Alikwenda kumwuliza padri, nami nikiwa kando yake. Padri alisema Mungu hawezi kumwonea wivu mwanamke mzee anayecheka. Tulipokuwa njiani kurudi Bibi alisema, "Ni mutoto muzuri yule. Lakini hajazaa." Mimi nilikuwa ninalilia kujua kosa liko wapi. Nilifundishwa kwamba ukifanya jambo kwa bidii utalipenda, na kwamba Mungu anapenda tukifurahi. Sasa nilikuwa ninaona mtu akiadhibiwa, na mwenye kumwadhibu ni yeye mwenyewe, kwa kufaulu.

Mvua zikaanza. Bibi alikaa mlangoni akatazama matope, akakonda. Salvatori hakurudi. Ndipo Jumamosi moja, mvua ikiwa imepumzika kidogo, akachukua mfuko wa plastiki bila kumwambia mtu, akanishika mkono. Mama Furaha alifuta mikono yake yenye magamba na kuingia naye majini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Bibi, nadhiri imerudi?" niliuliza.

"Apana."

"Basi tunafanya nini?"

"We huoni? Tunaogelea."

Sikujua kama amemchoka Mungu au amemwamini zaidi.

Tonton Salvatori alirudi kabla ya Pasaka iliyofuata, amekonda, ana redio na mke Mushi, mtu wa kabila la huko Bukavu, mwenye mimba kubwa. Nyumba ilijaa watu. Bibi alimpikia, akamwacha anawe mikono, akamwacha ale tonge la kwanza na la pili, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Salva, siku ile uliyoamua kurudi, ilikuwa kiangazi ao mvua ilikuwa imeshaanza?"

Hata mimi nilielewa uzito wa swali lile. Kama ilikuwa kiangazi, maji yalikuwa yamelipa. Kama ilikuwa pale alipoacha, basi aliacha kwa haki, na raha ilikuwa kosa. Na kama ilikuwa baadaye, alipokuwa anaogelea bila nadhiri, sijui ingekuwa nini. Nadhani naye hakujua. Tanti Spesi aliacha kupakua maharage.

Tonton alitafuna, akafikiri, akataka kwa dhati kumsaidia mama yake. "Sikumbuki, Mama. Kila siku nilikuwa nasema nitarudi kesho."

Bibi alimsogezea sahani. "Kula," alisema.

Aliogelea mpaka magoti yalipokataa, akafa mwaka jana akiwa amepita miaka tisini. Siku ya kuondoa matanga walisimulia lori, baiskeli na rozari. Kuhusu ziwa kila mtu alikuwa na jibu lake: Tanti Spesi anaapa ni nadhiri iliyomrudisha Tonton, na Tonton mwenyewe anasema ni mke wake.

Mimi sasa ninaishi mtaa wa Mutanga Sud, na anayesubiriwa katika familia yetu ni Emeri, mdogo wangu, aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi. Zamani habari za aliyepotea zilipita kwenye vinywa vya watu. Siku hizi simu inanionyesha kwamba ujumbe wangu umefika na haujasomwa, na sijui kama huko ni kujua zaidi. Wiki iliyopita Tanti Spesi, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alinipeleka kanisani ili nami niahidi kitu. Nilipiga magoti nikatafuta. Bibi alikuwa na hofu moja kubwa, ya kushikika, akaweza kuiinua na kuitoa. Zangu ni nyingi na ni ndogo: naogopa mbwa wa jirani, naogopa kuzeeka, naogopa simu ikilia na naogopa isipolia. Kila niliyoigusa niliona ni nyepesi mno, au nikaona kwamba nikiizoea nitaipenda.

Tanti alikuwa ananisubiri nje, kwenye ngazi, mkoba wake mapajani.

"Umeahidi nini?"

"Bado sijapata, Tanti."

"Rudi ndani utafute," alisema. "Mutoto wetu anasubiri."