Sindano Iliyomsubiri Mjomba

Niliteleza kwenye bibo. Watu wakisikia wanacheka, nami nawaacha wacheke, maana hata mimi nisingeamini kwamba tunda ninalolikanyaga tangu utoto ndilo lingekuja kunivunja nyonga. Msimu wa korosho ulikuwa umekolea. Nilikuwa nafagia chini ya mkorosho nyuma ya nyumba yangu huku Chilangala, mabibo yameoza yanateleza kama bamia, mguu wa kushoto ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilipoutazama, ulikuwa umegeukia nje, mfupi kuliko mwenzake, kama wa kuazima.

Majina ya wote waliohusika ninayo kichwani, hata la dereva, hata la mama yake dereva. Siyaandiki. Wengine bado tunasalimiana.

Binti yangu wa mwisho, ninayekaa naye, aliita majirani wakanipakia kwenye gari hadi kituo cha afya. Muuguzi alikuwa binti mwenye adabu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba mwanangu. Akaniuliza najisikiaje. Nikamjibu nzuri tu, namshukuru Mungu.

Msinishangae. Kwetu mtu akikuuliza hali, unaanza kwa nzuri. Hata ukiwa na maiti ndani, unasema nzuri, mwenzako anauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, halafu ndipo unamwambia lakini jana tumefiwa. Ya kwanza ni ya heshima, ya kweli inakuja nyuma. Basi nikawa naisubiri ya pili. Yule binti hakuuliza ya pili. Alichukua ile nzuri yangu kama ilivyo, akanipa panadol mbili, akamwambia binti yangu mfupa umevunjika, kwa hiyo nipelekwe hospitali kubwa huko bondeni, upande wa Masasi.

Mwenye kuijua ile barabara ya kushuka kutoka Newala anajua kona zake. Kila kona mfupa ulisaga mfupa. Niliuma kanga mpaka nikaitoboa. Sikutoa sauti, kwa sababu sisi tuliochezwa unyago tuliambiwa mwanamke halii leba, na asiyelia leba atalilia kitu gani tena? Binti yangu alinishika kichwa akawa ananisifu safari nzima: mama mvumilivu, mama hana neno. Nilitamani kumzaba kofi, ila mkono haukufika.

Hospitali tulimkuta mwanangu wa kwanza, anauza mabati pale Masasi. Nikapigwa picha, nikalazwa. Sasa hapo ndipo taabu yenyewe ilipoanza, maana mgonjwa wa nyonga kulala si tatizo. Tatizo ni haja. Ili uwekewe lile beseni, lazima unyanyuliwe kiuno. Waliponinyanyua mara ya kwanza niliona giza. Kuanzia hapo nikakataa maji. Wanipe chai, nasema nimeshiba. Midomo ikakauka ikapasuka, wanangu wakaanza kunong'ona kwamba mama ameanza kukata tamaa. Sikukata tamaa. Niliogopa kukojoa.

Daktari aliyekuja kuniona alikuwa kijana wa bara, ana lafudhi ya kwao. Akaniamkia, nikamwitikia, akaniuliza hali, nikamwambia nzuri. Akaiangalia kanga yangu ilivyotoboka. Akavuta kiti akakaa.

"Bibi, hiyo nzuri nimeipokea. Sasa nipe ile nyingine."

Nikampa. Nilimwambia yote, kuanzia bibo hadi beseni, na kila kona ya barabara. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akatueleza mimi na wanangu. Alisema operesheni ya kuunga mfupa ipo, lakini si leo wala kesho, kuna vipimo kwanza. Katikati hapo hataki niteseke. Dawa kali za maumivu za kuenea mwili mzima anaweza kunipa, ila kwa wazee huwa zinavuruga akili na kuleta usingizi mzito. Ipo sindano ya ganzi inayodungwa hapa kwenye kinena, karibu na mishipa inayopeleka habari ya maumivu kutoka nyonga. Mguu unakufa ganzi kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake, kichwa kinabaki chako. Ganzi ikiisha, mguu unarudi kama ulivyokuwa, na akitaka anarudia.

Mimi nikaona imekwisha hiyo, alete sindano. Mwanangu akasema, "Hapana. Mpaka mjomba aseme."

Mjomba ni mdogo wangu, wa kuzaliwa tumbo moja. Kwetu sisi jambo la mtoto wa kike wa ukoo linakwenda kwa kaka zake, wakubwa kwa wadogo, na aliyebaki kwangu ni yeye peke yake. Anakaa Chiwata. Mwanangu alikuwa na woga mwingine pia: mtoto wa jirani yetu alidungwa sindano takoni akiwa mdogo, mguu ukalegea hadi leo anauburuta. Daktari akamwambia ile ni sindano nyingine na mahali pengine, na kwamba hii yake atadunga huku anaona anapopita, tena akaeleza hatari zake bila kuficha, kwamba ni chache lakini zipo. Mwanangu akaitikia kwa kichwa kama anayeelewa, kisha akatoka nje na simu.

Simu ya mjomba haikupatikana. Msimu wa korosho mtu anashinda shambani, na kule shambani kwake mtandao ni wa kuotea. Wakapiga, wakamtuma mtu wa pikipiki, wakakaa. Daktari alipita akauliza, wakamwambia bado. Akapita tena, bado. Na mimi nipo pale pale, naangalia dari, nasikia wanangu wakibishana mlangoni kuhusu mguu wangu kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

"Mama kachezwa," mwanangu akasema. "Atavumilia mpaka mjomba afike."

Binti yangu akamjibu, "Wewe umevunjika lini? Mwezi uliopita umelilia jino mpaka mkeo akafunga dirisha."

"Akipooza utamlea wewe?"

"Kwani sasa hivi anamlea nani?"

Niliwasikiliza, hasira ikapanda mpaka ikayapita maumivu. Mtu ananiombea ruhusa kwa mdogo wangu, na mimi niliyezaliwa na huo mguu nimelala hapa na masikio mazima. Nikawaita waingie, na daktari naye aitwe.

"Mjomba wenu nilimbeba mimi mgongoni," nikasema. "Alikuwa ananikojolea. Leo mnataka anipe yeye ruhusa ya kukojoa?"

Daktari akataka nimrudishie kwa maneno yangu alichonieleza, ajue kwamba nimeelewa. Nikamrudishia yote, pamoja na zile hatari. Nikamwambia, "Dunga, baba."

Alileta mashine ile wanayotazamia wajawazito, akanipaka mafuta ya baridi kinenani. Nikamuonya kwamba kwa umri wangu asije akanikuta na mimba. Alicheka mpaka ikabidi atulize mkono kwanza. Sindano yenyewe ilikuwa kama kuchomwa na mwiba, kisha kitu kikawa kinasukuma ndani, basi. Tukakaa. Taratibu yale maumivu yakaanza kuondoka, kama maji yanavyonywewa na mchanga wa kwetu, unayaona, unayaona, huyaoni tena. Mguu ukawa mzito, wa gogo. Wakaninyanyua, wakaweka beseni. Sikuona giza.

Nilikunywa kikombe cha maji, nikaomba kingine. Halafu nikalia. Binti yangu akadhani nasikia raha, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Kumbe kilikuwa kitu cha muda mfupi namna ile. Kumbe zile kona zote nilizishuka bure, kwa sababu ya nzuri moja ya heshima na kwa sababu watu waliniuliza mara moja wakaridhika. Na wazee wangapi wa huku juu wamelazwa sasa hivi, wanasema nzuri, wanangojea swali la pili?

Ganzi ilipoisha, vidole vilicheza kama kawaida. Mwanangu alivibonyeza kimoja kimoja na kuniuliza kama nasikia, mpaka nikamwambia aache, ananitekenya. Daktari akarudia sindano.

Mjomba alifika kesho yake, bado ana vumbi la shamba, kofia mkononi. Aliniamkia vizuri, nikamwitikia. Kisha akasimama wima katikati ya chumba, akawauliza wanangu ni nani aliyemruhusu daktari kumdunga dada yake wakati yeye yupo hai.

"Mimi," nikamwambia. "Na ya kupasuliwa nayo nimeshakubali. Vuta kiti, mdogo wangu, uniulize hali."

Hakuvuta kiti. Alitoka akakaa kwenye benchi nje, na chakula alichopelekewa hakukigusa. Niliingizwa chumba cha upasuaji akiwa bado amenikasirikia.