Mwambie Akae Barazani Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika matanga ya kaka yangu hapa Msambweni, simu yangu ililia nikiwa mkekani na wanawake wenzangu.

"Shikamoo, shangazi. Poleni na msiba. Ni mimi Hamisi, wa Samburu."

Hamisi ni mtoto wa binamu yangu. Mara ya mwisho nilimwona akibebwa mgongoni. Lakini sauti ile ilinijua! Ilimtaja baba yangu, mama yangu, ikataja hata kijiji alikozaliwa bibi yangu. Ikanisomea namba ya kitambulisho changu yote.

"Pesa zangu za ubani hazifiki, shangazi, laini yako ina tatizo. Kuna namba inakuja kwa meseji. Nisomee tu nikutengenezee."

Meseji ikaingia. Nikavaa miwani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa kijiji cha Waa. Nilipokuwa msichana, mgeni alifika akiutaja ukoo wetu wote, nami nikamkaribisha hadi ndani. Bibi akanivuta kando. "Majina yetu husomwa kila msiba, kila mtu anayasikia. Mwambie akae barazani kwanza, tumuulizie kwao."

"Hamisi," nikasema, "kaa barazani kwanza."

Akacheka. "Baraza gani, shangazi? Mimi niko Samburu!"

"Basi kaa huko huko."

Nikakata, nikampigia binamu yangu mwenyewe.

"Hamisi?" akashangaa. "Si nimemtuma kwenu tangu jana? Mmeshampoteza?"

Nikachungulia uani. Kijana mrefu nisiyemfahamu alikuwa amekalia mbuzi ya nazi, anakuna kwa ajili ya wali wa hitima.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ndiye Hamisi. Nilikuja kukuamkia, wakaniambia uko kwenye simu."

Subhanallah! Hamisi yuko uani, na Hamisi mwingine alikuwa sikioni mwangu. Mpaka leo nikiwaza nastaajabu.

Kijana huyo ndiye aliyenieleza kwamba ningeisoma ile namba, laini yangu ingehamia kwa mwizi. Angekuwa mimi. Angewaomba jamaa zangu wote pesa za mazishi kwa jina langu, nao wangetoa huku wakilia.

Mwizi aliyajuaje yote? Tangazo la msiba tulilituma wenyewe kwenye makundi ya simu, na ukoo mzima ndani yake, kama desturi yetu. Na kitambulisho nimekiacha kwenye mageti mengi ya hoteli za Diani nilikopeleka mikeka ya kuuza. Nani atayakusanya tena hayo?

Kwa hiyo, mwanangu, ficha unachoweza kuficha, lakini usijidanganye kwamba kila kitu kinafichika. Anayekujua sana si lazima awe wako. Namba inayoingia kwenye simu yako usimsomee mtu, hata akulilie. Kata, kisha piga mwenyewe kwa namba unayoijua. Ndugu wa kweli hatachukia kungoja barazani.

Mola akuhifadhie jina lako, na kila anayekuita kwalo awe anakutakia heri. Amin.